MWALIMU NA MKUU WAKE: HABARI ZA KUPIMWA KWA WALIMU KATIKA NYANZA YA KUSINI



Kurasa zilizotangulia zimewaeleza hesabu ya fedha, idadi ya mikutano na majina ya waliotuacha mwaka huu. Ukurasa huu, kama ilivyo desturi ya kijitabu chetu, ni wa habari za kale. Safari hii nimechagua habari za walimu, na sababu yake ni nyepesi: hakuna jambo lifikalo mezani pa karani mara nyingi kuliko barua za shule. Huyu ataka mwalimu fulani ahamishwe. Yule asema mkuu wa shule ni mkali mno, na wiki ya pili mwingine asema mkuu huyo huyo ni mlegevu. Barua hizo huletwa ili zitiwe sahihi za wazee, na sahihi ya mzee si kitu chepesi. Yaweza kumvusha mtu ziwa pamoja na mke wake, watoto wake na masanduku yake. Kwa hiyo yafaa tujue jinsi mwalimu alivyokuwa akipimwa tangu shule zilipoingia katika nchi yetu, ni nani aliyempima, na upimaji huo ulimfanya yeye na mkuu wake kuwa ndugu au kuwa maadui.

Takawiri, kama mjuavyo, ni kisiwa kidogo kilichoko kati ya Rusinga na Mfangano, na mtu hukifikia kwa mashua kutoka Mbita. Katika mji mkubwa mwalimu akigombana na mkuu wake, saa kumi ikifika kila mmoja hushika njia yake, na hawaonani mpaka kesho. Kisiwani sivyo. Mwalimu na mkuu huteka maji ufuo mmoja, hununua omena kwa wavuvi wale wale, husali pamoja, na watoto wao hucheza pamoja. Neno lililosemwa kwa hasira ofisini asubuhi huwa limekwisha kufika ufuoni kabla ya adhuhuri, na pengine limeongezwa chumvi njiani. Tena mkaguzi atokaye bara hutegemea ziwa. Upepo ukivuma, haji. Na asipokuja, kalamu ya mkuu wa shule ndiyo hubaki peke yake kusema mwalimu ni mtu wa namna gani. Ndiyo maana mambo nitakayoyasimulia, ingawa yalizipata shule zote za Kenya, yalikuwa mazito zaidi visiwani.

Shule za kwanza za upande wetu ni kazi ya misheni. Mwaka 1906 Waadventista walifika Gendia, karibu na Kendu Bay, wakiongozwa na Arthur Carscallen, akiwa pamoja na Peter Nyambo aliyetoka Nyasaland. Mwaka huo huo CMS walianzisha shule ya Maseno chini ya J. J. Willis. Wakatoliki wa Mill Hill nao walikuwa wamekwisha ingia Kavirondo, na baada ya miaka michache wakaenea mpaka Nyanza ya Kusini. Kutoka vituo hivyo walitumwa vijana waliojua kusoma, kuandika na sala, wakafungue shule ndogo za vijijini zenye paa la nyasi na ubao mmoja. Kijana wa namna hiyo, japuonj kwa Kidholuo, ndiye aliyekuwa mwalimu, mhubiri, mpiga kengele na mwandishi wa barua za kijiji kizima.

Nani alimpima? Padre au mchungaji aliyeitwa meneja wa shule. Naye alimpima kwa mambo gani? Hapa ndipo penye neno. Hesabu na kusoma kwa watoto vilitazamwa, lakini vilitazamwa baadaye. Kwanza yalitazamwa maisha ya mwalimu mwenyewe: kama ahudhuria ibada, kama anywa pombe, kama ameoa kwa desturi ya kanisa, na zaidi ya yote kama ameongeza mke wa pili. Mwalimu hodari aliyeongeza mke alifutwa, na mwalimu dhaifu mwenye mke mmoja akabaki. Siandiki hivi ili kuwalaumu wamisionari, maana shule zilikuwa zao na fedha nyingi zilikuwa zao. Naandika kwa sababu mazoea hayo ya kumpima mtu kwa habari zake za nyumbani hayakufa misheni zilipopungukiwa nguvu. Hata leo baadhi ya barua ziletwazo mezani pangu hueleza mambo ya nyumba ya mwalimu kwa kurasa mbili, na mambo ya darasa lake kwa mstari mmoja.

Wala isidhaniwe kwamba watu walinyamaza tu. Mwaka 1908, shule ya Maseno ikiwa na umri wa miaka miwili, wanafunzi waligoma. Walikuwa wakipewa kazi nyingi za mikono, nao walisema wamekuja kusoma. Na waliotoka Maseno na kuwa walimu hawakuisahau njia ile. Tarehe 23 Desemba 1921 ulifanyika mkutano mkubwa Lundha, kikazaliwa chama cha Young Kavirondo Association, ambacho wazee walikiita Piny Owacho, yaani nchi imesema. Mwenyekiti wake alikuwa Jonathan Okwiri, mwalimu. Na pamoja naye walikuwako Benjamin Owuor Gumba na Simeon Nyende. Walilalamikia kipande, kodi ya nyumba na kazi za kulazimishwa, na katika madai yao waliomba pia shule ya serikali, isiyo chini ya misheni. Mwaka 1923 Archdeacon W. E. Owen akakigeuza chama hicho kuwa Kavirondo Taxpayers Welfare Association, na yeye mwenyewe akawa rais wake. Wanachama walihimizwa kuchimba vyoo na kuua panya, na siasa ikapunguzwa makali. Napenda vijana wetu wajue jambo hili: vyama vya ustawi kama hiki chetu vilianzishwa na walimu. Mwalimu alitangulia kuwa karani wa malalamiko ya watu. Siku hizi watu wanaandika malalamiko juu yake.

Hapa nitatoka kidogo nje ya nchi, kwa kuwa desturi ya ukaguzi haikuota kwetu. Huko Uingereza, mwaka 1862, serikali ilitoa kanuni mpya iliyotungwa na Robert Lowe. Kwa kanuni hiyo fedha za shule zilitegemea mtihani. Mkaguzi alikuja mara moja kwa mwaka, akawasikiliza watoto mmoja mmoja wakisoma, wakiandika na kuhesabu. Kila mtoto aliyeshindwa somo aliipunguzia shule fedha. Walimu wakawa hawafundishi ila yale matatu, wakawakaririsha watoto kitabu kimoja mpaka wakakijua kwa moyo, hata mtoto aliweza kusoma huku amekishika kitabu juu chini. Matthew Arnold, mshairi mashuhuri, ambaye riziki yake ilikuwa ukaguzi wa shule, aliipinga kanuni hiyo waziwazi ingawa yeye mwenyewe ndiye aliyetumwa kuitekeleza. Ilichukua zaidi ya miaka 30 kabla haijaondolewa kabisa. Hofu iliyoota kati ya mwalimu na mkaguzi haikuondoka upesi hivyo, nayo ilivuka bahari pamoja na wakaguzi.

Serikali ya Kenya ilianzisha Idara ya Elimu mwaka 1911, na Sheria ya Elimu ya mwaka 1924 ikaipa uwezo wa kuziandikisha shule zote na kuzikagua. Mwaka huo huo wa 1924 ilifika Afrika ya Mashariki tume ya Phelps-Stokes kutoka Marekani, chini ya Thomas Jesse Jones; na katika wajumbe wake alikuwamo Mwafrika, Dkt. James Aggrey wa Gold Coast, ambayo leo ni Ghana. Tume hiyo iliona shule za vijijini zikiwa nyingi, walimu wake wakiwa na elimu ndogo, na watu wa kuwasaidia wakiwa wachache mno. Meneja mmoja alikuwa na shule nyingi kuliko siku za mwezi.

Dawa waliyoileta ilitoka kwa watu weusi wa Marekani ya Kusini. Bibi mmoja tajiri wa Philadelphia, Anna T. Jeanes, alikuwa ametoa fedha zake kwa ajili ya shule za mashambani za watu weusi. Na mwaka 1908 mwalimu Virginia Randolph, mtoto wa wazazi waliopata kuwa watumwa, aliteuliwa huko Virginia azizungukie shule za wilaya yake. Alikwenda shule kwa shule. Hakwenda na kitabu cha makosa. Alikwenda kufundisha pamoja na mwalimu aliyemkuta, kuonyesha kazi za mikono, kupanda miti, kusafisha uwanja, kuzungumza na wazazi. Walimu waliomfuata katika kazi hiyo waliitwa walimu wa Jeanes.

Mwaka 1925 ikafunguliwa Jeanes School huko Kabete, na mkuu wake wa kwanza akawa J. W. C. Dougall, aliyekuwa katibu wa ile tume. Walioingia hawakuwa watoto, bali walimu waliokwisha kufanya kazi, nao walikuja na wake zao; mume alijifunza kuzisaidia shule, mke alijifunza malezi, mapishi na usafi wa nyumba. Walipomaliza walirudi makwao, kila mmoja akapewa shule kadhaa za kuzizungukia kwa miguu au kwa baiskeli. Mara ya kwanza katika nchi hii mwalimu wa kijijini alipimwa na Mwafrika mwenzake, ajuaye lugha yake na aliyepata kusimama mbele ya darasa lenye watoto themanini na chaki tatu. Mwalimu wa Jeanes hakuwa na uwezo wa kumfuta mtu kazi. Wakubwa wengine waliuona huo kuwa udhaifu. Kwa maoni yangu ndiyo iliyokuwa nguvu yake, kwa maana mwalimu asiyeogopa kufutwa huonyesha asichokijua, na mtu hawezi kufundishwa kitu anachokificha.

Mpango huo haukuwa bila kasoro. Waafrika wengi waliokuwa wakitaka elimu ya juu waliushuku, wakasema elimu ya majembe na vyoo ni njia ya kuwazuia wasifike kwenye vitabu. Na shuku yao haikuwa ya bure, kwa kuwa shule za sekondari zilikuwa za kuhesabika kwa vidole. Baada ya vita vya pili kazi ya Kabete ikageuka. Hapo ndipo kijana wa jirani zetu, Tom Mboya wa Rusinga, alipojifunza kazi ya ukaguzi wa afya kati ya mwaka 1948 na 1950, kabla hajaajiriwa na Halmashauri ya Jiji la Nairobi na kuingia katika vyama vya wafanyakazi. Mwaka 1961 mahali pale pakawa chuo cha utawala.

Wakati huo huo nguvu za serikali zilikuwa zikiongezeka. Mwaka 1934 ziliundwa halmashauri za elimu za wilaya, zikawaweka mezani pamoja watu wa misheni, wa serikali na wa mabaraza ya wenyeji. Ndipo yalipotoka majina ya shule zetu nyingi ziitwazo D.E.B. hata leo. Walimu nao walianza kujikusanya: katika mwaka huo Eliud Mathu na James Gichuru walianzisha chama cha walimu Waafrika. Kisha ikaja taarifa ya Leonard Beecher ya mwaka 1949. Beecher alitaka miaka minne ya shule ya chini, minne ya kati na minne ya sekondari, na alisisitiza sana ukaguzi. Aliona kwamba shule zimeenea kuliko uwezo wa kuzisimamia, akataka wasimamizi waongezwe ili fedha zisipotee. Watu wengi waliipinga taarifa hiyo kwa sababu ya mtihani wa darasa la nne, uliowatoa watoto wengi shuleni wangali wadogo. Lakini kwa habari yetu ya leo jambo kubwa ni jingine. Msimamizi wa Beecher hakuwa yule mwalimu wa Jeanes. Alikuja kutazama kitabu cha mahudhurio, kitabu cha maandalio ya masomo na hali ya majengo, akaandika taarifa, akaenda zake. Wazee waliosoma wakati huo husimulia jinsi shule nzima ilivyofagiliwa mara mbili siku ya mkaguzi, na jinsi mtoto mwerevu alivyowekwa dawati la mbele.

Juu ya hayo, mwalimu wa miaka ile hakuwa na mwajiri mmoja. Huyu aliajiriwa na kanisa, yule na halmashauri ya wilaya, wa tatu na baraza. Mishahara na masharti yalitofautiana, na kufutwa kwake kulitegemea tabia ya meneja aliyempata. Tarehe 4 Desemba 1957 ndipo kilipozaliwa Chama cha Kitaifa cha Walimu, KNUT, na hitaji lake kubwa likawa mwajiri mmoja kwa walimu wote. Baada ya uhuru tume ya elimu iliyoongozwa na Profesa Simeon Ominde ilitoa taarifa zake mwaka 1964 na 1965. Na baada ya migomo na mabishano, Bunge likapitisha mwaka 1966 sheria ya Tume ya Kuajiri Walimu, ambayo wote twaijua kwa jina la TSC. Ilianza kazi mwaka 1967. Mwalimu wa Takawiri na mwalimu wa Nairobi wakawa chini ya mwajiri mmoja na mshahara wa daraja moja. Hili lilikuwa jambo kubwa, na wale wanaosema walimu hawakupata kitu kwa kugoma wanafaa kukumbushwa.

Lakini mwajiri huyo alikuwa Nairobi, na macho yake hayakuweza kufika kila darasa. Alihitaji mtu wa kumwambia. Mtu huyo akawa mkuu wa shule.

Hapo ilianza ile iitwayo taarifa ya siri. Mkuu wa shule aliandika habari za kila mwalimu wake, kazi yake, tabia yake, kama anafaa kupandishwa cheo, akaifunga na kuipeleka. Mwalimu hakuisoma. Hakujua kilichoandikwa, wala hakupewa nafasi ya kujibu. Kama alipita miaka kumi bila kupandishwa, alibaki kukisia: je, ni kwa sababu nafasi hazipo, au ni ile siku niliyobishana naye juu ya fedha za michezo? Mkuu aliyekuwa mwenye haki alipata taabu vile vile, kwa sababu walimu walimdhania mabaya ambayo hakuyaandika. Na mkuu asiye na haki alikuwa na silaha isiyoonekana. Kwa miaka karibu arobaini watu wawili walikula chai chumba kimoja, mmoja akiwa ameshika maisha ya mwenziwe ndani ya bahasha. Mnashangaa kwamba walimu walijifunza kumsifu mkuu mbele yake na kumsengenya ufuoni?

Mimi sikupata kuwa mwalimu. Kazi yangu ni ya ofisi, na maofisini nako taarifa za namna hiyo zilikuwako. Kwa hiyo nasema ninachokijua: taarifa isiyosomwa na anayetajwa ndani yake haimrekebishi mtu. Ikiwa mwalimu hajui kwamba somo lake la hesabu ni dhaifu, atalifundisha vivyo hivyo mpaka astaafu. Ile bahasha ilimpatia Nairobi habari, nao watoto wa darasa la sita haikuwapatia lolote. TSC yenyewe ililiona hilo, na mwaka 2005 ikaiondoa taarifa ya siri, ikaleta upimaji wa wazi ambao mwalimu huuona na kuutia sahihi.

Pamoja na bahasha kulikuwako kipimo kingine, kisichokuwa siri hata kidogo, nacho ni mtihani. Tangu mtihani wa KCPE ulipoanza mwaka 1985 mpaka ulipofanywa mara ya mwisho mwaka 2023, kila mwisho wa mwaka shule zilitajwa kwa nafasi zake, na wazazi walimpima mkuu kwa nafasi hiyo. Katika Nyanza mlikuwa na mazoea, ambayo hatuna budi kuyataja kwa kuwa sisi wenyewe tulihusika: matokeo yakiwa mabaya, wazazi walifunga lango la shule kwa mnyororo Januari na kumkataza mkuu asiingie. Mwaka 2014 Wizara ilikataza kuzipanga shule kwa nafasi, lakini minyororo haikusoma waraka huo. Mkuu aliyeogopa mnyororo aliwabana walimu. Walimu waliobanwa waliwakaririsha watoto. Na sisi tulipongezana kwa wastani ulioongezeka kwa alama tatu. Mtu akitaka kuona ile kanuni ya Robert Lowe ikifanya kazi katika kisiwa cha Ziwa Victoria, miaka mia na zaidi baada ya kuzikwa Uingereza, basi ilikuwa hapo.

Januari 2016 TSC ilieneza katika shule zake zote mpango uitwao TPAD. Wazee wengi wamelisikia neno hili kwa walimu wakilitamka kama mtu atamkavyo jina la ugonjwa, kwa hiyo nitaeleza ulivyokuwa ulipoanza. Kila muhula mwalimu alijipima kwanza mwenyewe, akajipa alama kwa mambo yaliyoandikwa: ujuzi wa somo na jinsi anavyolifundisha, utunzaji wa wakati, ubunifu, usalama na nidhamu ya watoto, michezo, kujiendeleza kwake, na ushirikiano wake na wazazi. Kisha mwenzake aliye juu yake, naibu wa mkuu au mwalimu mwandamizi, aliketi naye, wakalinganisha alama na kukubaliana. Darasani pia huingia mtu kumtazama akifundisha. Mkuu wa shule huthibitisha. Na mkuu naye hakuachwa, kwa kuwa alitakiwa kutia sahihi mkataba wa kazi na kupimwa na maofisa wa elimu walio juu yake.

Ukiusoma mpango huo juu ya karatasi, utaona ni kinyume cha bahasha: mwalimu husema kwanza, huona alama, hubisha. Mbona basi KNUT waliupinga vikali? Sababu zilikuwa nyingi. Walimu walisema makaratasi ni mengi kiasi cha kula saa za kufundisha; kwamba ushahidi wa kila jambo watakiwa kuandikwa, kutiwa sahihi na kupelekwa kwa mtandao; na kwamba hofu yao ni kuona alama hizo zikitumiwa kumwadhibu mtu na kumnyima cheo badala ya kumsaidia. Ugomvi huo uliingia katika mashindano makubwa kati ya chama na mwajiri juu ya vyeo na mkataba wa mishahara, mpaka mahakamani, na baada ya mwaka 2019 chama kilipoteza sehemu kubwa ya wanachama wake na fedha zake. Katibu mkuu wake, Wilson Sossion, akajiuzulu mwaka 2021. Visiwani liliongezeka jambo la mtandao wenyewe. Mwalimu aliyemaliza kujaza karatasi zake kwa uaminifu alikuwa na kazi ya pili ya kuutafuta mtandao, na pengine kuvuka mpaka Mbita kwa nauli yake.

Maoni yangu ni kwamba mpango huu una mifupa mizuri na nyama mbaya. Kujipima kwanza, kisha kuketi wawili na kuzungumza, ni jambo ambalo halikupata kuwako kwetu tangu walimu wa Jeanes. Lakini mazungumzo hayo yanahitaji muda na yanahitaji watu wasioogopana. Katika shule ndogo yenye walimu wachache, naibu wa mkuu ana masomo yake ya siku nzima. Basi alama huandikwa kwa haraka ijumaa ya mwisho wa muhula, kila mtu akapewa alama nzuri ili amani iwepo. Alama nzuri kwa kila mtu ni namna nyingine ya bahasha iliyofungwa, kwa sababu nayo haimwambii mwalimu lolote.

Mwaka 2018 likaja jambo lingine, la kuwahamisha wakuu na walimu kutoka wilaya za kwao ili wafanye kazi ugenini. TSC ilisema mkuu aliye kwao hushindwa kuwasimamia jamaa zake. Kuna ukweli ndani yake. Sote twajua shule ambayo mkuu hakuweza kumwonya mwalimu kwa kuwa ni mtoto wa shangazi yake. Lakini familia zilitengana, na wageni waliofika hawakujua lugha ya wazazi wala hali ya ziwa. Malalamiko yalifika Bungeni, na kufikia mwaka 2023 walimu wengi walikuwa wamekwisha kurudishwa karibu na kwao.

Sasa narudi kwenye zile barua. Napendekeza kwa kamati yetu, na wazee wataamua, kwamba kabla ya chama kutia sahihi barua yoyote ya kutaka mwalimu au mkuu ahamishwe, wajumbe wawili waende shuleni waulize maswali machache. Je, mwalimu huyu amepata kutazamwa akifundisha mwaka huu, na ni nani aliyemtazama? Je, aliambiwa kosa lake, na alijibu nini? Je, mkuu na mwalimu wamekwisha kuketi mbele ya halmashauri ya shule, ile iliyowekwa na sheria ya mwaka 2013? Kama majibu ni hapana, barua irudi kwa mwandishi wake. Tena wajumbe hao wasiulize habari za ndoa ya mtu, isipokuwa jambo hilo lamhusu mtoto wa shule. Na lolote limhusulo mtoto lisingoje barua yetu, lipelekwe mara moja kwa wenye mamlaka. Vile vile naomba fungu la nyumba za walimu lisikatwe katika hesabu ya mwaka ujao. Mwalimu anayelala Mbita na kuvuka kila asubuhi atachelewa siku ya upepo, na mkuu atamwandika kuwa mchelewaji, na wote wawili watakuwa wamesema kweli.

Jambo la mwisho ni jipya, nalo limekwisha kuanza kuleta barua. Januari 2023 darasa la saba la mtaala mpya liliwekwa katika shule za msingi, na walimu wake, wengi wao vijana wenye shahada, wakawa chini ya wakuu wa shule za msingi. Kijana wa shahada apimwa na mkuu ambaye huenda alianza kazi na cheti cha chuo cha ualimu kabla kijana huyo hajazaliwa. Mwaka 2024 walimu hao waligoma sehemu nyingi za nchi juu ya ajira yao, na wengi walidai wawe na wakuu wao wenyewe. Wakuu nao hulalamika kwamba vijana hawawasalimu. Katika barua nilizozipokea juu ya jambo hili, hakuna hata moja iliyosema ni nani kati yao aliyepata kuingia katika darasa la mwenzake akaketi nyuma na kusikiliza somo mpaka mwisho. Nimeziweka katika jalada moja, zikingojea mkutano wa kamati.